Mzee Wino, Karani Aliyeanika Wino Juani

Ndugu, jamaa, majirani, wanachuo wa zamani na wa sasa, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusitiri leo.

Familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya marehemu ingawa si ndugu yake wa damu. Mimi ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, msusi kwa kazi. Sababu niliyoambiwa ni kwamba nina sauti. Sababu yenyewe ni kwamba wengine wote wangelia kabla hatujafika hata shule ya msingi. Sijaahidi kwamba sitalia. Nimeahidi kwamba nitafika mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne kati ya saba wa dobi mmoja na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya yadi ya reli. Chumba kimoja walilala watu, kingine zililala nguo za watu. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kupeleka nguo zilizopigwa pasi kwa wenyewe, akizibeba juu ya mikono miwili aliyoinyoosha mbele ili zisipate mkunjo. Mama yake alisimulia kwamba baada ya muda alitembea hivyo hata akiwa mikono mitupu. Sisi tuliomwona akiingia ukumbini siku ya harusi yake, mikono mbele kana kwamba amebebeshwa shati la mtu, tunathibitisha. Alikuwa mtoto mpole, msikilizaji, na mbishi kwa sauti ya chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974. Mwaka 1976 alichaguliwa kuingia chuo cha biashara kusomea uhasibu, wa kwanza katika nyumba ile kuvuka lango la chuo. Baba yake alimpigia pasi mashati yote mwenyewe na hakutaka mtu amsaidie. Mwaka wa pili, katikati ya muhula, mwenye nyumba aliyempangisha chumba aliweka kufuli mlangoni, vitabu vikabaki ndani. Kilichotakiwa ili kufuli litoke kilikuwa kidogo. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba aliona aibu kumwambia mtu, na hata uzeeni alikataa kukitaja. Akaenda ofisini akajaza fomu ya kuahirisha masomo kwa muda. Karani akagonga muhuri bila kuinua macho.

Muda huo haukuisha. Mtu akimuuliza alisoma hadi wapi, alijibu, "Niliahirisha." Mtu akicheka, naye alicheka. Lakini nimeishi karibu na mtu huyu tangu nikiwa msichana mdogo, na kicheko chake cha kweli nilikijua. Hicho hakikuwa chenyewe.

Baada ya kuacha masomo alikuwa karani wa stoo ya vipuri vya mabasi, hadi mwaka 1984 alipoajiriwa katika masjala ya wanafunzi ya chuo ambako wengi mliopo hapa mmesoma au mnafanya kazi. Masjala ile ina madirisha matatu. La kwanza ni la kuandikishwa, la pili ni la matokeo. La tatu lilikuwa la kuondoka, na ndilo alilopewa. Kazi haikuwa ngumu. Mwanafunzi analeta fomu ya kuahirisha masomo, karani anagonga muhuri, mwanafunzi anarudisha kitambulisho, anakwenda zake. Baada ya miaka michache marehemu aligundua kwamba katika wote aliowagongea muhuri hajamwona hata mmoja akirudi. Alikuja nyumbani siku hiyo, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akamwambia dada yangu, "Mama watoto, kule kazini tunaita kuahirisha. Kumbe ni kuacha tu, ila kwa adabu."

Ndipo wino ulipoanza kukauka.

Mwanafunzi akifika na fomu yake siku ya Ijumaa, marehemu aliichukua kwa heshima zote, akafungua kibati cha pedi ya wino, akagonga muhuri kwenye karatasi ya kujaribia, akatikisa kichwa. "Mwanangu, wino umekauka. Njoo Jumatatu." Kisha, akijifanya hamnazo, alimuuliza ni nini hasa kimemfikisha hapo. Kati ya Ijumaa na Jumatatu alizunguka: kwa walimu, kwa wapishi wa bwalo, kwa mlinzi wa lango, na kwangu saluni, ambako alisubiri mteja atoke ndipo aseme. Huyu alikosa nauli ya kurudi kutoka msibani. Yule alitakiwa awe na viatu vyeupe ili aruhusiwe kuingia wodini kwa mazoezi. Jumatatu mwanafunzi aliporudi, wino ulikuwa umepatikana na fomu haikuwa na kazi tena.

Sasa, shemeji yangu hakupenda kusema uongo. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni aliiacha pedi wazi kwenye kingo ya dirisha linaloangalia magharibi, ikachomwa na jua mpaka ikawa ngumu kama soli ya kiatu. Aliposema wino umekauka, ulikuwa umekauka kweli. Wiki iliyofuata aliomba pedi mpya kutoka stoo. Wanafunzi wakambatiza jina la Mzee Wino akiwa hajafika hata miaka arobaini, na jina likamganda.

Nimeona dada yangu ananitazama, kwa maana nimeipita harusi yake bila kupiga hodi. Narudi.

Marehemu alikutana na dada yangu mwaka 1985 katika zahanati alikokuwa muuguzi. Alikwenda kutibiwa mafua. Dada yangu akaona viganja vya mgonjwa vina mabaka ya rangi ya zambarau, akaamini amekutana na ugonjwa wa ngozi ambao hawakufundishwa. Akamkalisha, akamsugua kwa spiriti na pamba, na kila rangi ilipozidi kutoka ndivyo alivyozidi kuogopa. Mgonjwa hakusema neno. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakumwambia kwamba ni wino wa ofisini, alijibu kwamba alikuwa hajashikwa mikono namna ile tangu azaliwe na hakuona sababu ya kuharakisha. Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1986. Mungu aliwajalia watoto watatu: binti yao mkubwa ni mpima ardhi, kijana wao ni mwokaji mikate, na kitindamimba wao ni daktari wa mifugo. Aliwalea bila kuinua sauti. Foronya za nyumba ile zilikuwa na alama za vidole vyake, na dada yangu alilalamika kila siku. Tangu Jumapili iliyopita amekataa zifuliwe.

Turudi kazini. Mwaka 1996 chuo kiliajiri mkaguzi wa ndani, binti mwenye miwani asiyecheka hovyo. Katika kupitia manunuzi aliona dirisha la tatu linamaliza pedi za wino kuliko ofisi zote, na hasa mitihani inapokaribia. Akaja na kiti chake mwenyewe, akaketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huu wino mnaunywa?"

"Hapana. Unakauka."

"Unakauka Ijumaa tu?"

"Ni jua la upande huu, mwanangu. Kali sana."

Binti hakubisha. Aliuliza huku na huku, akazungumza na walimu, wapishi na mlinzi, akajua yote. Marehemu aliposikia hivyo alimwambia dada yangu kazi imekwisha, tujikaze. Lakini mkaguzi aliporudi dirishani alikuwa na jambo jingine kabisa.

"Mzee, mwezi wa nne ulikwenda likizo."

"Nilikwenda. Tulimpeleka mtoto hospitali."

"Aliyekukaimu alikuwa na wino."

Shemeji akakirudishia kibati cha pedi kifuniko chake.

"Wasichana wawili na mvulana mmoja walifika hapa wakati huo. Wote waligongewa muhuri. Wako wapi sasa?"

Hakujua.

"Wema wako una likizo, mzee," binti akasema. "Ukiumwa nao unaumwa. Ukistaafu unastaafu. Sikuja kukukataza. Nimekuja kukuambia hautoshi."

Alirudi nyumbani akaacha chakula mezani. Alituambia kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumtukana kwa heshima namna ile, tena kwa maneno ya kweli matupu. Kuanzia siku hiyo kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: msaada ule usitegemee yeye kuwapo. Aliandamana na yule mkaguzi hadi kwa Mkuu wa Chuo wa wakati huo, akakiri habari za pedi, akaomba radhi kwa hasara. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Mwezi Januari 1997 chuo kilianzisha Mfuko wa Dharura kwa ajili ya mwanafunzi anayetaka kusoma na kitu kidogo kimemzuia. Haukuwa mkopo, na hakuna aliyetakiwa kuulipa.

Wengi mnadhani habari njema inaishia hapo. Haikuishia. Fomu ya mfuko ule ilikuwa na mstari uliosema: "Eleza dharura yako." Basi wanafunzi wetu, watoto waliolelewa vizuri, walijua dharura ni nini. Dharura ni kifo. Kukosa chakula si dharura, ni aibu. Miwani kuvunjika si dharura, ni uzembe. Kwa hiyo yeyote aliyekwama alilazimika kutafuta mtu wa kumuua. Katika muhula ule wa kwanza walikufa mabibi wengi mno, na wengine walikufa tena walipohitajika. Mkaguzi alitaka vyeti vya vifo. Marehemu alisema hapana, lakini naye hakuwa na jibu.

Jibu lilikuja siku ya mahafali. Kijana mmoja aliyesaidiwa kwenda kumzika mama yake alikuja kumshukuru Mzee Wino akiwa na joho lake, na nyuma yake mama mnene mwenye kanga mpya, mzima wa afya. Kijana alikuwa amesahau. Shemeji yangu akatazama, akaelewa, akampa mkono yule mama kwa taadhima. "Karibu sana, mama. Tulikuombea." Mama akashukuru kwa maombi. Kijana, inasemekana, alitamani ardhi ipasuke. Baadaye alimfuata dirishani akilia, akasema ukweli: alikuwa analala kwenye chumba cha maabara kwa sababu chumba alichopanga kiliingia maji, na hakudhani kwamba hilo linaitwa dharura.

Marehemu na mkaguzi waligombana juu ya jambo hilo kutwa nzima. Mwishowe walilifuta neno dharura. Mahali pake waliandika: "Umekwama wapi?" Mbali ya hapo mkaguzi alitunga masharti yake, na ni ya maana: jibu litoke siku ileile, na fedha ziende moja kwa moja kule mtu alikokwama, kwa mwenye nyumba au kwa fundi wa miwani. Tangu hapo mabibi waliacha kufa. Na shemeji akaishika kauli ile mpaka ikawa kero. Aliniletea saluni mabinti waliokuwa wanakwenda kwenye usaili bila nywele kusukwa, akasimama mlangoni, mikono mbele, akisema, "Shemeji, huyu amekwama kichwani." Nilimnunia kila mara. Niliwasuka wote.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017. Wengi walishangaa mkaguzi alipoomba aachishwe ukaguzi ili akae yeye dirisha la tatu. Marehemu hakushangaa. Alimkabidhi kiti, akamwambia, "Hapa jua ni kali," na hiyo ndiyo hotuba pekee aliyotoa.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kuchoka kwa safari fupi. Madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Alilazwa mara kadhaa, akapewa dawa nyingi, na alizimeza bila ubishi, jambo lililotutisha zaidi ya ugonjwa wenyewe. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya wanaume, na daktari aliyekuwa akikaa kitandani kwake kuzungumza naye. Wakati huohuo lilitokea pendekezo chuoni kwamba mfuko uhamishiwe kwenye kamati itakayokaa mara moja kila mwisho wa muhula. Marehemu alikwenda kwa fimbo kusema neno lake. Alisema aliyekwama Jumanne hawezi kukaa amekwama hadi kamati ikutane, kwa sababu mpaka wakati huo hatakuwa tena mwanafunzi. Walimsikiliza, wakampa kiti na maji ya kunywa. Uamuzi haujatolewa hadi leo.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi, si kifo. Siku zake za mwisho alituita, mimi, dada yangu na mkaguzi, akasema hivi, na nayasema kama alivyoyasema: "Nikifa watafunga lile dirisha kwa heshima yangu. Nawajua, ni watu wa heshima. Watalifunga siku ya mazishi, halafu matanga, halafu wataona kumbe inawezekana kulifunga. Naomba nisiwe mimi sababu. Wiki ya mitihani watu wanakwama."

Dada yangu akamwambia, "Baba watoto, acha habari za dirisha, pumzika."

Akasema, "Naomba mniambie ndiyo kwanza."

Tukamwambia ndiyo. Alifariki dunia alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mikononi mwa mke wake, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha mashemeji kadhaa, na mimi ndiye mkorofi wao. Ameacha pia watu wengi ambao siwezi kuwataja kwa sababu hawakuandikwa mahali popote kama ndugu zake: wauguzi, walimu, mafundi, na yule wakili pale nyuma ambaye mama yake tuliwahi kumwombea.

Maneno yanayofuata hamtayaona kwenye karatasi mlizoshika. Zilichapwa jana.

Chuo kilitangaza kwamba leo ofisi zote zimefungwa kwa heshima ya marehemu. Tunashukuru kwa heshima hiyo, na tunawaona mmejaa hapa. Lakini mtagundua kwamba mkaguzi hayupo, na nimesikia watu wawili watatu wakinong'ona tangu asubuhi, iweje mtu aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo akose mazishi yake. Mkuu wa Chuo, uliyekaa mstari wa pili, jana jioni mkaguzi alikuomba ufunguo wa masjala, nawe ukampa bila kumuuliza wa nini. Familia inakushukuru, na inakuomba uendelee hivyohivyo.

Tulipokuwa tunajiandaa kutoa jeneza nyumbani, alinitumia ujumbe. Nausoma wote.

"Dada, msinisubiri. Nimefungua saa mbili, nikakaa peke yangu, nikalia mpaka nikajiona mjinga. Saa tatu kasoro akaja binti mmoja. Mwaka wa tatu, ana mtoto wa miezi minane. Yaya ameondoka jana bila kuaga, na mtihani ni saa tatu na nusu. Alikuja kuahirisha. Nimeshalipia kituo cha kulelea watoto ila gari lao linafika saa sita. Kwa hiyo mtoto ninaye mimi hapa dirishani. Amelala. Siwezi kuinuka nitamwamsha. Mwambie mzee naomba radhi."

Nimemwambia, pale nyumbani, kabla hawajafunga jeneza. Nimemwambia kwa sauti, dada yangu amesikia.

Basi lala kwa amani, shemeji. Yule binti yuko kwenye mtihani.